Utakunywa Chai Gani?

Ukikaa kambini miaka mingi, kuna maneno mawili yanayokuwa kama jina lako la pili: sawa tu. Unaambiwa hamia foleni ile, sawa tu. Mkutano umesogezwa mpaka wiki ijayo, sawa tu. Mtu anakuuliza utakunywa nini, na mdomo unajibu wenyewe kabla kichwa hakijalisikia swali: chochote, sawa tu. Nafanya kazi na vijana hapa Kakuma, wengi wao wa miaka 14 hadi 20, na "sawa tu" naisikia mara nyingi kuliko salamu. Wazazi wanaiita adabu. Mimi nina shaka nayo.

Swali langu ni dogo kwa sura. Je, mtu anayeishi kwa kupewa ana ruhusa ya kupenda na kutopenda? Sisemi kudai, wala kurudisha mgao. Nasema kupenda tu, kusema hiki kinanikaa vizuri mdomoni na hiki hapana. Nitaliuliza kupitia chai, kwa sababu chai ndiyo iliyoniletea swali lenyewe, halafu pia kwa sababu hakuna mtu atakayekufa akiikosa. Ukianza na unga au maji mjadala unaisha mara moja: mwenye njaa ale, basi. Kwenye chai mambo hayaishi haraka hivyo.

Hapa kwetu neno chai limebeba mizigo mingi. Mkenya akisema chai bila kuongeza kitu anamaanisha ya maziwa. Isiyo na maziwa ni strungi, au chai ya rangi. Ukiombwa chai barabarani, hiyo haina majani kabisa, na kipimo anakipanga yule anayeomba. Ndiye mwombaji pekee ninayemjua anayechagua. Vijana wa Tanzania wakikwambia "hiyo ni chai" wanamaanisha umewadanganya. Jirani zangu Wasomali wana shaah yao, yenye hiliki, mdalasini, karafuu na tangawizi, na sukari ya kusimamisha kijiko. Waethiopia wana ya kwao yenye viungo karibu vilevile, lakini usithubutu kuwaambia ni kitu kimoja. Wasudani wana karkade, nyekundu kama damu. Sisi Wakongo na ndugu zetu Warundi tunaotesha mchaichai nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotokea, maana hapa Turkana maji hayamwagwi bure.

Mtaalamu wa mimea atakwambia mengi ya haya si chai. Chai ya kweli ni mmea mmoja tu, Camellia sinensis, ule wa Kericho, na chai nyeusi na ya kijani zote zinatoka kwenye jani lake. Mengine ni maua, mizizi, majani na matunda yaliyolowekwa. Sawa, tumesikia. Lakini mtu akikukaribisha mchaichai hamwambii "karibu majani yaliyolowekwa."

Mambo yalianza na boksi. Mgeni mmoja alitembelea kituo chetu, na alipoondoka alituachia boksi la chai za matunda, vifuko vingi vya rangi mbalimbali, kila kifuko na picha yake. Kwenye picha kulikuwa na matunda ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyashika: madogo, mekundu, meusi, mengine kama shanga zilizobanana. Vijana waligawana kwa picha. Wasichana wengi walichukua pinki, na wavulana waliangalia mwenzao wa kwanza amechukua nini, wakachukua hicho hicho. Nilipouliza nani ameipenda, jibu mnalijua.

Ndipo nikapanga kitu kingine kwa Ijumaa iliyofuata. Vikombe vitano visivyo na jina wala picha: strungi, mchaichai, tangawizi, karkade, na moja ya zile za kwenye boksi. Bila sukari kwanza. Kanuni zilikuwa chache. Nusa kabla ya kunywa. Kunywa kidogo na uizungushe mdomoni. Suuza mdomo kwa maji kabla ya kikombe kingine. Kisha sema neno moja, lolote, isipokuwa "sawa" na "nzuri".

Kumbe hilo la neno ndilo lilikuwa gumu. Vijana wanaozungumza lugha nne au tano, Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, Kiarabu, Kisomali, walikaa kimya mbele ya kikombe cha tangawizi kama wanafanya mtihani wa taifa. Walikuwa na "tamu" na "mbaya", basi. Ilibidi tuanze kukusanya maneno. Kali. Chungu. Chachu. Mmoja akasema karkade inafanya ulimi uwe kama umekula ndizi mbichi, na mimi nikawaambia lugha ina neno la hilo, ukakasi. Mwingine akasema strungi yetu, iliyochemshwa kwa majani machache ili yatoshe wiki nzima, haina kitu kabisa, ni maji yenye rangi. Hilo nalo lina neno, chapwa. Walilipenda hilo hadi likawa balaa: wiki nzima kila kitu kilikuwa chapwa, somo chapwa, mpira chapwa, suruali ya fulani chapwa.

Nimekaa kwenye jambo hili la maneno kwa sababu watu wanafikiri kuchagua ni kunyoosha kidole. Huwezi kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo kwako vyote ni "sawa". Ni lazima kwanza uvitofautishe, na kutofautisha kunahitaji muda, utulivu, na mtu anayekuuliza na kusubiri jibu. Vitu vitatu hivyo ni adimu kambini. Kwenye foleni hakuna anayesubiri jibu lako.

Basi, kwenye kikombe cha nne, mvulana mmoja akasukuma karkade pembeni akasema, "Hii sipendi." Hivyo tu. Wenzake walimrukia. "We, shukuru bana." "Umepewa bure unasema hupendi?" Msichana mmoja, tena kwa upole kabisa, akamwambia, "Kwa nyumba ya watu hausemi hivyo." Kijana akainamisha kichwa, akakivuta kikombe, akanywa yote mpaka chini. Hakuna aliyemlazimisha kwa mkono, lakini amelazimishwa.

Sioni kosa kwa wale waliomkemea. Wamefundishwa nyumbani, nami nimefundishwa hayo hayo: mgeni anakunywa anachopewa. Lakini tazama walivyochanganya vitu viwili. "Sipendi hii" ni habari kuhusu ulimi wangu na kikombe. "Sikushukuru" ni habari kuhusu mimi na wewe. Mtu anaweza kukushukuru kwa moyo wote na ulimi wake ukabaki palepale. Mama yako akikupikia chakula usichokipenda unakula, unamshukuru, na anajua hukipendi, na kesho yake anakupikia kingine. Mapenzi yako ndani ya kule kujua. Mtu asiyejua unapenda nini anaweza kukupa vingi sana, lakini hajakujua.

Tunapenda methali zinazotunyamazisha. Mchagua jembe si mkulima. Mchagua nazi hupata koroma. Ni methali nzuri, na zilitungwa na watu waliokuwa na majembe zaidi ya moja na minazi mingi. Zinamwonya mtu mwenye vingi asipoteze muda akibagua. Mtu aliyewekewa nazi moja mbele yake kwa miaka 20 hazimhusu sana.

Habari za vikombe vitano zilifika mtaani kabla ya jua kuzama, si unajua Kakuma. Jioni mama mmoja jirani, mtu wa Uvira, ninayemheshimu kama mama yangu mzazi, alinisimamisha kwenye bomba. "Mwanangu, nasikia unafundisha watoto kuchagua chai." Nikasema ndiyo, mama. "Watoto wanalala na njaa, wewe unawafundisha kuchagua chai. Kesho watachagua nini, hoteli?" Akajitwika mtungi wake akaondoka bila kungoja jibu, na kusema kweli halikuwa swali la kujibiwa ukiwa umesimama kwenye foleni ya maji.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Yeye hayuko peke yake, na hoja yake si ya kupuuza. Mgao ukipungua, watu hupunguza milo. Shule yenyewe inakosa wanafunzi. Hapo ukija na vikombe vitano na maneno kama ukakasi, unaonekana kama mtu anayepaka rangi mlango wa nyumba isiyo na paa.

Lakini angalia Ramadhani. Jirani yangu Msomali anafunga tangu alfajiri mpaka magharibi. Upande wa pili wa njia kuna nyumba ambayo siku hiyo hiyo haijawasha moto kwa sababu hakuna cha kupika. Saa tisa mchana, ukipima matumbo, yote mawili ni matupu. Je, watu hawa wako katika hali moja? Hakuna mtu hapa Kakuma, Mwislamu au Mkristo, atakayesema ndiyo. Aliyefunga ana kitu ambacho mwenye njaa hana, na si chakula. Anaweza kula akaamua asile. Baadaye, kwenye mafunzo fulani, nilikuja kusikia kwamba mchumi wa India, Amartya Sen, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, ametumia mfano huu huu wa kufunga na kulala njaa kueleza kwamba ukitaka kujua mtu anaishije usihesabu tu alichokula, hesabu pia angeweza kufanya nini. Nilifurahi kusikia profesa anayaona mambo tunayoyaona sisi kwenye njia yetu ya vumbi.

Kwa hiyo namwambia mama, kwa heshima: sifundishi watoto kuacha unga watafute chai. Nafundisha ile sehemu inayomtofautisha aliyefunga na mwenye njaa. Na wewe mwenyewe, mama, unayo. Pesa ya chakula ilipoanza kuja kwenye simu mwaka 2015, ile tuliyoiita Bamba Chakula, kila nyumba ilianza kuonyesha sura yake dukani. Wengine ngano, wengine mchele, wengine mahindi. Huyu mama ninayemsema hununua maharage ya njano. Yakipanda bei ananunua machache, lakini ya njano. Muuzaji akimletea mekundu ya bei nafuu anamwangalia kama ametukanwa. Hakuna aliyewahi kumwambia huo ni ufahari. Tunajua tu kwamba ni yeye.

Kuna kitu kingine nilikiona kwenye vikombe, nacho kinaniudhi kidogo. Kila nilipotaja mchaichai au tangawizi kwa watu wazima, swali la kwanza lilikuwa: inatibu nini? Tangawizi ya kifua. Mchaichai wa kupunguza homa. Karkade ya presha. Wakenya hata wana kinywaji cha tangawizi, limau na asali wanachokiita dawa, moja kwa moja. Kama vile mtu maskini hawezi kunywa kitu kwa sababu ni kitamu. Ni lazima alete cheti cha daktari. Tajiri ananywa kwa raha, sisi tunakunywa kwa sababu za kiafya. Raha imekuwa kitu cha kuombea ruhusa.

Tena huo mtindo wa dawa una hatari zake. Kule Kivu wengi tumewaona watu wakinywa chai ya artemisia wakisema inamaliza malaria. Ni kweli dawa za malaria za ACT zina artemisinini, inayotoka kwenye mmea huo wa artemisia, na Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipata Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini Shirika la Afya Duniani halikubali majani yake yatumike kama chai ya kutibu au kuzuia malaria, kwa sababu kipimo cha dawa kwenye kikombe hakitabiriki. Mtoto mwenye homa anapelekwa zahanati. Na mwenye kumeza vidonge vya presha amuulize daktari kabla ya kufanya karkade kuwa maji yake ya kila siku. Basi, nimesema. Sasa turudi kwenye raha.

Boksi lile la matunda lilikuwa na mafunzo yake. Msichana mmoja anayependa kusoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya kufungia mandazi, alisoma upande wa nyuma. Kwenye vifurushi vya vyakula viungo hupangwa kwa wingi, kinachozidi kinatangulia. Akasoma kwa sauti: haibiskasi, tofaa, tunda la waridi mwitu. Yale matunda mekundu ya kwenye picha yalikuwa mwishoni kabisa, kiasi kidogo, pamoja na ladha za kuongeza. "Haibiskasi ni nini?" Kijana mmoja kutoka Sudan akacheka mpaka akakaa chini. Ni karkade. Ile ile anayouza mjomba wake hapa Kakuma 1 kwa kipimo cha kikombe.

Haikuishia hapo. Mjomba huyo alikuja Ijumaa nyingine kutuonyesha. Unaweza kuichemsha, alisema, lakini yeye huiloweka kwenye maji baridi usiku kucha, inatoka laini zaidi, haikwaruzi koo. Alileta na tawi bichi, lenye majani. Mama mmoja Mkongo aliyekuja kumchukua mtoto wake akalishika lile tawi, akang'ata jani. "Lakini hii ni ngai-ngai!" Ngai-ngai, mboga chachu tunayopika na samaki. Mmea ni mmoja. Sisi tulikuwa tunakula majani, wao wanakunywa maua, na kuna watu mbali huko wanaupaka picha ya matunda na kuutia kwenye boksi zuri. Miaka yote tumeishi mtaa mmoja na Wasudani, hakuna aliyejua kwamba tuna shina moja jikoni.

Mvulana aliyesema hapendi karkade alikuwepo. Akaionja ile ya kulowekwa, akafikiri, akasema, "Hii afadhali. Lakini bado inakakasa." Safari hii hakuna aliyemkemea. Mjomba alimwambia aongeze sukari kidogo na aache kulia. Nadhani alifurahi kuwa na mtu wa kubishana naye juu ya kinywaji chao. Watu wanaosema "sawa tu" hawabishani na mtu, na chakula chako hakiwezi kuheshimiwa na mtu ambaye hajali ladha yake.

Sasa nije kwenye hoja inayonisumbua zaidi, na hii si ya mama wa Uvira, ni ya kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye akili kali kuliko mimi. Aliniita kando. (Vijana wa Kikongo huniita yaya, yaani dada mkubwa, Mkenya akisikia anadhani mimi ni mlezi wa watoto, na si uongo sana.) "Yaya, mimi siwezi kuchagua niishi wapi. Siwezi kwenda Nairobi bila kibali. Nikipelekwa nchi nyingine, nchi haichaguliwi na mimi. Halafu unanipa vikombe vitano nichague. Hii si chai?" Alikuwa anamaanisha ile chai ya Kitanzania, uongo.

Nakubali nusu. Uchaguzi mdogo unaweza kutumika kufunika mkubwa. Nimehudhuria mikutano ambapo tunaulizwa fulana ziwe za bluu au za kijani, na mambo yenyewe yameshapangwa zamani. Unatoka umechagua rangi na hujachagua kitu. Mtu akija kwangu na vikombe ili nisahau kibali, basi kweli ananipa chai.

Nusu nyingine siikubali. Uongo uko kwenye kudai kwamba kikombe kinatosha, lakini kikombe chenyewe hakina kosa. Nimewaona watu waliopata nafasi kubwa baada ya kusubiri sana, barua imefika, wanaulizwa unataka kusomea nini, unataka kufanya kazi gani, na wanajibu kwa lile neno letu. Chochote. Sawa tu. Mlango umefunguliwa, na ile misuli ya kupitia mlangoni imelala. Sisemi kwamba chai ingewaponya. Nasema tu kwamba anayesubiri siku ya mambo makubwa bila kutumia ulimi wake kwenye madogo ana hatari ya kufika siku hiyo akiwa bubu.

Na kuna jambo la mgeni. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992. Kuna watu wamezaliwa hapa, wamekua hapa, wameoa, na bado wanaitwa wageni, jembe halijafika. Mgeni hachagui chai, ni kweli, hiyo ni adabu na naipenda. Lakini adabu ya mgeni ilitengenezwa kwa siku mbili. Ukiivaa miaka 30 inakuwa kitu kingine.

Mtu anaachaje kuwa mgeni wakati hana ardhi wala karatasi? Nimeliona jibu moja dogo Ijumaa hizo. Tulianza zamu: kila wiki mtu mmoja ndiye anayeuliza. Anasimama na sufuria, anapita, anauliza mmoja mmoja, "Utakunywa ipi?" na haruhusiwi kupokea "yoyote". Ni lazima ajue pia kwa nini. Mchaichai usiuchemshe sana, funika sufuria, harufu yake ya limau inapotea na mvuke. Tangawizi kinyume chake, iponde na uiache moto muda mrefu. Nanaa mimina maji ya moto tu juu yake, ukichemsha inakuwa chungu. Kijana anayeuliza anasimama vingine kabisa. Mgongo unanyooka. Amekuwa mwenyeji kwa nusu saa, kwa sababu mwenyeji ndiye anayeuliza na ndiye anayesubiri jibu. Mvulana wa karkade zamu yake ilipofika aliuliza kwa ukali kama askari, lakini alikumbuka jibu la kila mtu wiki iliyofuata bila kuandika. Sijamwona akikumbuka hesabu hivyo.

Yote haya yana gharama, na nisiposema nitakuwa nimepika chai ya Tanzania mimi mwenyewe. Tuna shilingi 1,000 kwa wiki ya viburudisho kwa vijana kama 20. Humo mnatoka mandazi, sukari, majani na makaa. Sufuria moja ya strungi inaivishwa na makaa kidogo. Sufuria tatu tofauti ni makaa karibu mara tatu, na mama Mturkana anayetuuzia hapunguzi bei kwa ajili ya falsafa. Wiki tulizokuwa na aina tatu, kila mtu alipata andazi moja badala ya mawili. Tulipiga kura. Walioshinda walitaka aina tatu, lakini kwa kura mbili tu, na wale wadogo zaidi wote walipigia mandazi. Sijui kura ya aliyeshiba asubuhi na ya ambaye hajala ni kura moja kweli. Kwa sasa tumekubaliana aina mbili kila wiki, na karkade ya kuloweka iwe mojawapo mara kwa mara kwa sababu haihitaji moto.

Mama wa Uvira alipita Ijumaa iliyopita kuulizia mjukuu wake. Msichana wa zamu akamkaribisha kwa magoti kidogo, kama tunavyofunzwa, akamuuliza, "Mama, utakunywa ipi? Kuna mchaichai na kuna nyekundu." Mama akaziangalia sufuria zote mbili muda mrefu. Akasema apewe mchaichai, usiwe na sukari, na usiwe wa moto sana. Alipomaliza akaniuliza makaa tunanunua wapi, akasema tunaibiwa, na kwamba nyuma ya ukuta wa shule kuna mtu anayeuza gunia kwa bei nzuri zaidi. Jumatatu naenda naye kuangalia.